Maswali na Majibu: Aliyemshitaki Mungu, na siku 90 za bunge

Makala yaliyopita niligusia kwa aya tatu tu habari za Ernie Chambers, kinyozi wa Omaha aliyekaa miaka 46 katika bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, akipigania haki za kiraia. Barua zimemiminika. Zinazofanana nimezijumlisha, za matusi nimezitupa.

Ni kweli huyu mtu alimshitaki Mungu? Huo si ukafiri? (Mmeuliza wengi mno.)

Ni kweli. Septemba 2007 alifungua shauri katika mahakama ya kaunti ya Douglas, mjini Omaha, akiomba amri ya kumzuia Mungu asiendelee kuwaletea watu mafuriko na matetemeko. Mwaka uliofuata likatupwa kwa sababu mshitakiwa hana anwani ya kupelekewa hati. Chambers akajibu kwamba anayejua kila kitu bila shaka anajua pia kuwa ameshitakiwa.

Mmecheka? Haya, sababu mbona hakuna aliyeiuliza? Palikuwa na kelele za kutaka mahakama zikatae mashauri yanayoonekana ya kipuuzi. Yeye alitaka ionekane kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu, na mshitakiwa awe yeyote. Jengo la mahakama hiyo, Septemba 1919, lilichomwa moto na kundi la watu weupe, wakamtoa humo Will Brown, mfanyakazi Mweusi aliyekuwa anatuhumiwa tu, wakamwua. Mzaliwa wa Omaha akizungumzia mlango ule, si mzaha mtupu.

Imani yake sina kazi nayo. Kesi yake nzito kuhusu dini ni nyingine: alipinga bunge kumlipa mchungaji fedha za umma ili aombe dua ya kufungua vikao. Ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1983 akashindwa, majaji 6 kwa 3. Wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo.

Nimetafuta jina lake kwenye orodha ya maseneta wa Washington, silioni. Una hakika na unachoandika?

Hutaliona, kwa kuwa hakuwa huko. Makala yaliyopita nilimwita "seneta wa jimbo". Najua kwetu neno jimbo linatuchanganya: Mtanzania akilisikia anawaza jimbo la uchaguzi. Kwa Marekani ni kila moja ya zile sehemu 50, na kila moja ina katiba yake, gavana wake na bunge lake. Nebraska huwaita wabunge wake maseneta. Hii ni mara ya nne naeleza jambo hili, na ya tano sitaeleza.

Alikuwa Democrat au Republican?

Hana chama. Na bunge la Nebraska lote huchaguliwa bila vyama kuandikwa kwenye karatasi ya kura.

Mmoja kati ya wabunge 49, na kwa miaka mingi Mweusi pekee. Aliwezaje kupitisha chochote?

Hatimaye, swali! Dada wa Morogoro, Mungu akuweke.

Bunge la Nebraska lina baraza moja tu, halina la pili la kurekebisha makosa yake, na limekuwa hivyo tangu 1937. Linakaa siku 90 za kazi mwaka mmoja, 60 mwaka unaofuata. Basi. Muswada lazima upite hatua tatu za mjadala. Kwa hiyo kitu adimu mle ndani ni muda kuliko hata kura, na Chambers aliling'amua hilo mapema.

Alizisoma kanuni za kudumu kama hafidh anavyosoma msahafu. Muswada asioutaka aliuwekea marekebisho kifungu kwa kifungu. Akishindwa, analeta hoja ya kuurudisha kamatini. Ikikataliwa, hoja ya kuuahirisha. Ikikataliwa, hoja ya kuifikiria upya kura iliyopigwa sasa hivi. Kila hoja ina mjadala wake, na yeye anasema bila kuchoka. Kumnyamazisha kunahitaji kura 33. Wenye miswada wakiona siku zinayoyoma wanamfuata ukumbini: Seneta, tufanyeje? Hapo ndipo yeye naye anataja shida yake.

Aliyoyapata ni ya kugusika. Alisukuma sheria iliyofanya madiwani wa Omaha wachaguliwe kata kwa kata, badala ya mji mzima kuwapigia wote, mtindo uliowafanya wapiga kura Weusi wa kaskazini ya mji kumezwa kila uchaguzi. Mwaka 1981 Omaha ikapata diwani Mweusi wa kwanza. Mwaka 1980, wakati mataifa makubwa bado yanajiumauma, alilifanya bunge hilo la wakulima wa mahindi lipitishe azimio la kuondoa fedha za pensheni katika makampuni yaliyofanya biashara na makaburu wa Afrika Kusini, la kwanza kati ya mabunge ya majimbo. Miaka minne baadaye ikawa sheria.

Kisha kuna adhabu ya kifo. Aliwasilisha muswada wa kuifuta karibu kila mwaka. Mwaka 1979 ulipita, gavana akautia kura ya turufu, yaani akaukataa. Ukasubiri miaka 36. Mei 2015 ukapita tena, katika bunge lenye wahafidhina wengi, na baadhi yao waliuunga mkono kwa hoja zao wenyewe: kwamba kuua ni gharama, na kwamba anayetetea uhai autetee wote. Gavana Pete Ricketts akautia turufu. Kuishinda turufu kunahitaji kura 30. Zikapatikana 30, si 31.

Msishangilie bado. Gavana na wenzake walikusanya saini, yeye akichangia kutoka mfukoni mwake, na kura ya maoni ya Novemba 2016 ikairudisha adhabu hiyo kwa takriban asilimia 61. Agosti 2018 mtu akanyongwa kwa sindano. (Ndiyo, "kunyongwa kwa sindano". Mwenye neno bora aniandikie.)

Ninaposikiliza wabunge wetu wakisimama kusema "naunga mkono hoja mia kwa mia", kisha wakataja shida ya maji kijijini na kukaa, huwa najiuliza ni wangapi wamewahi kukifungua kitabu cha kanuni walichopewa siku ya kiapo. Meza wanajua kuzigonga.

Alilipwa kiasi gani?

Dola 12,000 kwa mwaka. Kiwango kiko kwenye katiba ya jimbo tangu 1988. Waheshimiwa wetu wasisome jibu hili wakiwa mezani. Lakini nanyi msikimbilie kusifu: mshahara wa namna hiyo huliachia bunge matajiri na wastaafu. Mwalimu mwenye watoto watatu atagombeaje?

Kama alikuwa mzuri hivyo, kwa nini alitolewa 2009?

Hakutolewa na wapiga kura wake. Mwaka 2000 jimbo lilipitisha ukomo wa vipindi viwili mfululizo vya miaka minne, na Nebraska nzima ilijua ni nani hasa aliyelengwa. Akakaa nje miaka minne, akarudi 2013 baada ya kumshinda aliyemrithi, akamaliza vipindi viwili vingine, akaondoka Januari 2021 akiwa na miaka 83.

Mimi ni mtetezi wa ukomo wa marais, kufa na kupona. Kwa wabunge nasita. Ukiwaondoa wote wanaozijua kanuni, wanaobaki kuzijua ni watumishi wa bunge na washawishi wa makampuni, ambao hawana ukomo.

Mbona humtaji alipotaka kuzigawa shule za Omaha kwa rangi?

Umenibana. Mwaka 2006 aliingiza kipengele cha kuigawa wilaya ya shule za Omaha vipande vitatu, ambavyo kwa makazi yalivyo vingekuwa cha Weusi, cha weupe na cha Walatino. Hoja yake ilikuwa kwamba shule tayari zimetengana, basi angalau wazazi Weusi waendeshe za watoto wao. NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, ilikwenda mahakamani, na mwaka 2007 bunge likaifuta sheria kabla haijatekelezwa. Naielewa hasira yake. Lakini sheria inayochora mipaka namna hiyo, kesho atairithi mtu mwingine mwenye nia nyingine.

Natokea Bukavu, naishi Omaha miaka minne, sijawa raia. Nina malalamiko juu ya muswada wa shule. Nimwandikie Rais?

Kaka, usimwandikie Rais. Nebraska kila muswada lazima usikilizwe hadharani mbele ya kamati, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kusema. Nenda Lincoln, mji mkuu wa jimbo lilipo bunge, siku ya muswada huo, jaza karatasi mlangoni, ngoja zamu. Hawakuulizi uraia.

Ila kupiga kura ni jambo jingine kabisa. Ukiwa ofisi ya leseni ya udereva ukaulizwa kama unataka kuandikishwa mpiga kura, jibu ni hapana, hata kama karani anatabasamu na kijana wako wa kutafsiri anasema "weka tu sahihi". Asiye raia akijiandikisha anaharibu makaratasi yake yote, na kusema hukuelewa swali hakutakuokoa.

Kwenye kamati, andika utakayosema kabla hujatoka nyumbani, maana utapewa dakika chache tu. Watakutaka kwanza utaje jina lako, kisha ulitaje herufi moja moja kwa ajili ya kumbukumbu. Fanya mazoezi ya herufi hizo kwa Kiingereza.