Tangi moja la haidroponiki, au kila mmea na ndoo yake?

SWALI: Habari, mtaalamu. Nakaa Kasarani, ghorofa ya juu kabisa, na mwenye nyumba ameniruhusu kutumia kona moja ya paa. Nataka kupanda kwa haidroponiki, yaani kwenye maji bila udongo: letusi kama 24, dania, sukuma wiki, nyanya 6 na stroberi chache ambazo shangazi ataning'olea shambani kwake Limuru. Fundi anayenitengenezea paipu ameninunulia tangi la lita 200. Anasema maji yote yazunguke humo kwa pampu moja, ndiyo rahisi. Jirani yangu, ambaye alianza kabla yangu, anasema nisithubutu: mmea mmoja ukiugua yote imekwisha, afadhali kila mmea uwe na ndoo yake. Nimsikize nani? – Mama Zawadi

JIBU: Mama Zawadi, wote wawili wana ukweli wao, ila sababu wanazokupa si zile ambazo mimi ningeamulia. Kwako ningeweka matangi mawili ya virutubisho: moja la mimea yote ya majani, jingine la nyanya peke yake. Stroberi za shangazi zisiguse maji ya yeyote kati ya hao wengine.

Kinachogawanya matangi ni njaa ya mmea. Mita ya EC hupima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, na chumvi hizo ndizo chakula chenyewe. Letusi hutosheka na EC ya 0.8 hadi 1.2. Dania na sukuma hupenda kidogo zaidi, lakini vyote vitatu hukaa pamoja vizuri kwenye 1.2 au 1.4 bila mmoja kulalamika. Nyanya iliyoanza kuzaa hutaka 2.0 hadi 3.5. Huwezi kumpikia mtoto wa miezi sita na mtu wa mjengo sufuria moja ukatumaini wote watashiba. Ukiweka 2.5, kingo za majani ya letusi huungua na ladha huwa chungu. Ukiweka 1.0, nyanya zitakuwa na majani mazuri ya kupigia picha na matunda madogo yaliyopooza. Kwenye 1.6 hakuna atakayekufa, nakubali, na ndiyo maana watu wengi huendelea na tangi moja mwaka mzima wakidhani mbegu zao ni mbovu.

(Kama mita yako ni ya bei nafuu na badala ya EC inaonyesha ppm, yaani sehemu za chumvi kwa milioni, angalia imetengenezwa kwa kipimo gani. EC ya 1.2 ni 600 kwenye mita za aina moja na 840 kwenye za aina nyingine. Kosa hilo peke yake limeunguza letusi nyingi.)

Kuna jambo ambalo fundi wako hawezi kuliona kwa sababu yeye anaangalia paipu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Tangi lenye mimea inayofanana hukuambia habari zake. EC ikipanda, mimea inakunywa maji kuliko inavyokula, basi unaongeza maji matupu. Ikishuka, inakula kuliko inavyokunywa, basi unaongeza virutubisho. Lakini changanya nyanya na letusi na namba hiyo inakuwa wastani wa watu wawili wasiofanana. Nyanya yenye matunda huvuta potasiamu nyingi sana, letusi haivuti hivyo. Potasiamu inaweza kupungua sana huku mita ikionyesha namba ile ile ya juzi, kwa kuwa EC haikwambii ni chumvi gani imebaki, inahesabu tu jumla. Utakuja kujua siku majani ya chini ya nyanya yataanza kukauka kingo.

Kuhusu pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, usisumbuke. Mimea yako yote inaishi vizuri kati ya 5.8 na 6.2, kwa hiyo pH si sababu ya kutenganisha chochote.

Sasa jirani. Ni kweli ugonjwa husafiri majini. Pythium, ambayo huozesha mizizi ikawa ya kahawia na yenye utelezi, hutoa vijimbegu vinavyoogelea, na pampu huvibebea safari. Lakini fikiria gharama yake. Letusi ni zao la wiki tano au sita baada ya kupandikiza. Ukipoteza tangi zima umepoteza mwezi na mbegu za bei ndogo. Unaosha kila kitu kwa Jik, unasuuza vizuri, unaanza upya. Nyanya ni zao la miezi, na hapo hasara inauma, ndiyo sababu nyingine ya kuipa tangi lake. Zaidi ya hapo, Pythium hushamiri maji yakiwa ya moto, zaidi ya nyuzi 25, na yenye hewa kidogo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto sawa. Kwa hiyo tangi lisipitishe mwanga, ndani jeusi na nje jeupe, likae kivulini, na uweke pampu ndogo ya hewa. Hayo yatakukinga zaidi ya kununua ndoo 40.

Ndoo nyingi zina adha ambayo jirani amesahau kuitaja. Nyanya iliyokomaa, siku ya jua la Februari, inaweza kunywa lita moja na nusu au zaidi. Kwenye ndoo ya lita 10, kwa siku tatu karibu nusu ya maji imekwenda, na kilichobaki kimebadilika EC na pH. Maji mengi hubadilika polepole, maji machache hubadilika ukiwa kazini. Na ni nani atakayepima ndoo 40 kila asubuhi kabla ya kukimbilia matatu? Wewe hutaweza, mimi pia siwezi. Nyanya sita kwenye tangi moja la lita 90 hivi, na majani yote kwenye lita 60 hadi 80, ni vipimo viwili tu kwa siku.

Ndoo ya peke yake ina mahali pake hata hivyo. Stroberi kutoka shambani zitakuja na udongo kwenye mizizi, na udongo ndio mlango mkubwa wa magonjwa hayo anayoyaogopa jirani. Osha mizizi, zipe ndoo yake, EC ya 1.0 hadi 1.4. Ukija kupanda mnanaa, nao pia upe ndoo yake, maana mizizi yake huziba paipu.

Stima ikipotea, mfumo wa paipu zenye maji membamba ndio huumia kwanza: jua likiwa kali, mimea hunyauka ndani ya saa chache. Letusi zinazoelea juu ya tangi lenye kina hustahimili zaidi kwa sababu mizizi bado imo majini. Kama bado hujamlipa fundi kwa zile paipu, ningependa majani yakae hivyo, yaelee, na paipu zisahauliwe. Akishikilia paipu, basi ile ya kurudisha maji iwe nene kuliko ya kupeleka, na kila tangi liwe na pampu yake.

Nitoe tahadhari moja, kwa sababu swali hili huja mara kwa mara. Virutubisho huuzwa kwa chupa mbili, A na B, lakini matangi mawili ninayoyasema si moja la A na jingine la B. Kila tangi linapata A na B zote. Kinachotakiwa kutenganishwa ni zile chupa nzito: A ina kalisi, B ina fosfati na salfeti, na zikikutana kabla ya kupunguzwa makali huganda kuwa unga mweupe ambao mmea hauwezi kuula. Mimina A kwenye tangi lenye maji, koroga, ndipo umimine B.

Maji yenyewe ya tangi hubadilishwa kila wiki mbili au tatu, na yale ya zamani yanafaa kumwagilia maua au sukuma ya kwenye magunia.

Na lile tangi la lita 200 usimrudishie fundi. Lifanye la maji matupu, lisilo na mmea wala virutubisho. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini na hayasumbui. Lakini wiki ya mgao utanunua boza, na boza mara nyingi limejaza kisimani. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana bikabonati nyingi inayopandisha pH, na yana sodiamu ambayo mimea haiitaki na hurundikana. Ukiyamimina moja kwa moja kwenye virutubisho, kesho yake pH iko 7.5 na chuma hakifyonzwi tena. Yakitua kwanza kwenye tangi hilo, unayapima, unashusha pH kwa asidi kidogo kidogo, ndipo unajazia. Likijaa lina uzito wa kilo 200, kwa hiyo lipange karibu na ukuta mahali penye nguzo chini yake, lisikae katikati ya paa, na matangi mengine yawe mbali nalo kidogo.