Kampuni ya kripto Nairobi: usiiache leseni nyuma

Kaka, umeuliza kama unaweza kuzindua huduma ya kubadili bitcoin kuwa shilingi za M-Pesa, halafu leseni uifuatilie baadaye. Tafadhali, usithubutu. Kampuni ya BitPesa ilianza Nairobi 2013 na wazo karibu hilohilo. Mwaka 2015 Safaricom ikamkatia huduma mshirika aliyewaunganisha na M-Pesa, kwa hoja kwamba BitPesa hawana kibali cha Benki Kuu. Wakaenda Mahakama Kuu, wasipate amri waliyoomba. Programu yako hata iwe nzuri vipi, hela isipoingia kwenye simu ya mama mboga huna biashara. Sasa kuna sheria ya 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali kama bitcoin. Tafuta wakili kabla hujaajiri mtu, na mwulize hasa pesa za wateja zitakaa akaunti gani.