Tuzo itolewe, lakini tazameni nani anasahihisha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mashindano ya insha na tuzo kwa wanafunzi yanasaidia kuhifadhi njia ya kale ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji. Limenigusa penyewe. Nimefundisha historia sekondari mkoani Tabora hadi kustaafu, na kama mngenipigia simu jana ningewajibu kwa neno moja: hayasaidii.

Sababu yangu ni hii. Ukikaa kusahihisha insha za mashindano hayo, unagundua kwamba unasoma insha moja tu kwa miandiko tofauti. Mtoto anaanzia Bagamoyo kwenye minyororo, anaikatiza Ugogo kwa mstari mmoja, anafika Kwihara, jirani na Tabora, anamkuta Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mwingereza, anakwenda Ujiji anamkuta Livingstone tena, safari hii Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akimsalimia chini ya mwembe mwaka 1871. Kisha hitimisho: serikali ihifadhi njia hii ili tupate watalii. Chuma na Susi, ambao pamoja na wenzao waliibeba maiti ya Livingstone kutoka nchi inayoitwa leo Zambia hadi Bagamoyo, wakibahatika hupata nusu sentensi. Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo kizazi baada ya kizazi hawapati hata hiyo. Simlaumu mtoto. Ameandika anachojua kitapata maksi.

Najua mmeuliza kuhusu uhifadhi, nami naelekea kwenye usahihishaji. Kwangu ni jambo lilelile, na nitaeleza kwa mfano mmoja ambao haujaniondoka.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na shindano la insha kwa shule za mkoa, mada ikiwa umuhimu wa njia ya misafara. Waliolidhamini siwataji. Historia wakati ule tuliifundisha kwa Kiingereza, lakini shindano lile liliruhusu Kiswahili, na hilo pekee lilikuwa jambo jema. Niliitwa kuwa mmoja wa wasahihishaji. Tulikaa katika darasa la shule moja wakati wa likizo, mafungu ya insha mezani, kila mmoja wetu na nakala ya mwongozo wa usahihishaji: utangulizi, pointi sita, hitimisho.

Nilipofika katikati ya fungu langu nikaikuta insha ya binti wa kidato cha tatu kutoka shule ya kata. Mwandiko mdogo, uliobanana. Kalamu ya bluu ilimwishia ukurasa wa pili, akaendelea na nyeusi. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba babu wa bibi yake alikwenda pwani kwa miguu yake mwenyewe na akarudi na nguo. Nikaweka kalamu chini, nikasoma.

Alisimulia kwamba mzee huyo aliondoka kiangazi, baada ya mavuno, pamoja na vijana wa kijijini kwao. Walibeba pembe. Bega lake la kulia likaota sugu nene, na alipozeeka aliwaruhusu wajukuu waiguse, bibi mwenyewe akiwa mmoja wao. Malipo yake yalikuwa merikani, yaani kitambaa cha pamba kutoka Marekani. Kipande kimoja alimpa mama mkwe, vingine vikaingia kwenye mahari ya mdogo wake. Binti akaeleza jinsi bibi alivyosimulia: amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, hanyanyui macho, na kila alipofika kwenye jina la mtu alinyamaza kidogo kwanza.

Kisha ikaja aya ambayo niliisoma mara mbili. Katika boma hilohilo la mzee aliyetembea kwa hiari na kulipwa, aliishi mwanamke aliyeletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Manyema. Alinunuliwa. Alizaa, na watoto wake wakazaa. Bibi alisema ukoo mmoja wa jirani unatokana naye, akakataa kutaja ni upi, kwa kuwa mambo hayo hayasemwi, hata msibani. Binti akaandika kwamba hakuendelea kuuliza, akaona heri aheshimu.

Nikaipa maksi za juu kuliko zote. Wenzangu wakaishusha. Mmoja alisema iko nje ya mada, mwingine alisema pointi hazionekani, hazikuandikwa kwanza, pili, tatu. Mwenyekiti wetu, mtu mstaarabu sana, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, nitajuaje kama haya ni kweli? Maneno ya bibi wa mtu nayasahihishaje?"

Swali lake lilikuwa la haki na nikalijibu. Nilimwambia tulipime simulizi hili kipande kwa kipande. Kwamba Wanyamwezi wengi walikwenda pwani kama wapagazi wa kulipwa, na kwamba safari zilipangwa kufuata majira ya kilimo, hilo limeandikwa sana. Kwamba mzigo ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na begani lazima uache alama, hilo halihitaji shahidi. Merikani ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaingia Unguja kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, na huku bara ilikuwa ndiyo fedha. Kwamba mateka wa Manyema waliletwa Ujiji na Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora, wengine wakabaki hapa wakilima na kuolewa, wala hawakufika pwani kamwe, hilo nalo linajulikana. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na ukihesabu vizazi, mzee yule anaangukia vizuri kabla yake. Hakuna kipande kilichokataa kukaa mahali pake. Na juu ya hayo, nikamkumbusha, kidato cha kwanza tunawafundisha watoto kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia. Wakifika kidato cha tatu wakakitumia, tunawakata maksi?

Tukapiga kura. Binti akapata cheti cha ushiriki. Ushindi ulikwenda kwa insha ya utalii, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi na mpangilio mzuri, na mwandishi wake sina kinyongo naye. Insha zote zikafungwa kamba, zikapelekwa stoo ya ofisi fulani. Baadaye nilikwenda kuiulizia ile moja nikaambiwa stoo ilisafishwa kupisha kompyuta. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, na nikiandika haya bado nafura.

Kwa hiyo ndiyo, nilikuwa tayari kuwaambia mashindano haya yafutwe. Lakini nilipokuwa naikumbuka insha ile ili niwaandikie, nimekumbuka na mstari wake wa mwisho, ambao siku ile niliupita haraka kwa sababu ya ubishi. Binti aliandika kwamba ameishi na bibi yake tangu darasa la kwanza na hakuwahi kumuuliza jambo hili, mpaka lilipokuja tangazo la shindano.

Hapo nimelazimika kusimama. Bila shindano lile, ovyo kama lilivyosahihishwa, bibi yule angezikwa na yote. Mtihani wa taifa haumtumi mtoto kwa bibi yake.

Na tukisema uhifadhi, tunahifadhi nini hasa? Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo vina kuta, na kuta zinapigwa lipu, kama lile tembe la Kwihara ambalo ni makumbusho. Njia yenyewe haina kuta. Ni vumbi, ni visima, ni miembe mikuukuu inayokatwa mtu akitaka kiwanja, na ni maneno ya wazee. Fundi hawezi kukarabati maneno ya wazee. Mtoto wa sekondari mwenye daftari anaweza kuyaandika.

Wamarekani, ambao njia za walowezi wao kama Oregon na ile ya Wamormoni, waumini wa dhehebu moja la huko, zilipewa hadhi ya kitaifa mwaka 1978, waliongeza mwaka 1987 ile inayoitwa Njia ya Machozi, ambayo Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko, waliipita wakisukumwa na jeshi kuhama nchi yao. Njia ya fahari na njia ya aibu zikawa chini ya sheria moja. Tena wana shindano la historia kwa wanafunzi lililoanzia Ohio mwaka 1974, ambamo mtoto hutakiwa kuorodhesha vyanzo vyake vya msingi, mahojiano yakiwemo, na majaji hukaa naye wakamuuliza alivipataje. Mwenyekiti wangu angepata jibu la swali lake kwa kumwita binti na kuongea naye robo saa.

Basi nabadili jibu: yanasaidia, na yaendelee. Ila mwongozo wa pointi sita utupwe. Maksi nyingi ziende kwa kile ambacho hakimo kitabuni, na kwa mtoto kueleza kakipata kwa nani na kakipima vipi. Insha zinakiliwe, nakala ikae shuleni na nyingine makumbusho ya karibu, iwe Kwihara au Ujiji. Zawadi isiwe kikombe, iwe basi la kuwapeleka watoto kwenye njia yenyewe, maana wapo waliosoma Tabora mjini miaka minne bila kukanyaga Kwihara, kilomita chache tu.

Jambo moja bado linanitatiza. Kama binti yule angeshinda, insha yake ingesomwa jukwaani kwa kipaza sauti, mkuu wa wilaya akiwa mbele na majirani wa bibi nyuma yake. Katika kijiji kidogo, "ukoo mmoja wa jirani" si fumbo gumu. Wapo watakaosema historia isifichwe, na mimi nimesema hivyo darasani maisha yangu yote. Lakini ningetaka kwanza mtu aende kwa bibi, akae naye, amuulize kama anaridhia isomwe. Akikataa, mtoto apewe tuzo yake na insha ifungwe kwenye bahasha hadi bibi mwenyewe aseme ifunguliwe.

Mwalimu mstaafu, Tabora