Maswali ya Wasomaji: Vibao vya Milango ya Morris Minor

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu baba ametuachia Morris Minor 1000 ya mwaka 1962, nasi tunaitunza hapa Wete. Injini ni nzima, lakini vibao vya ndani vya milango, vilivyovalishwa ngozi ya bandia nyekundu, vimevimba na kupinda, na upande wa chini vimeoza kabisa. Fundi mmoja amenishauri nikate plaiwudi na kuigongomea zulia. Mimi nataka vifanane na vile vya asili. Je, naweza kuvitengeneza nyumbani kwa msumeno wa mkono, na nifanyeje visioze tena? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Unaweza, tena kwa zana hizo hizo ulizonazo. Gari hili, lililobuniwa na Alec Issigonis na kuzinduliwa London mwaka 1948, lilitengenezwa kwa idadi iliyopindukia milioni 1.6, na kwa sababu hiyo Uingereza wapo wanaouza vibao vipya hadi leo. Hata hivyo, ubao mwembamba na mpana kiasi hicho husafirishwa kwa gharama kubwa na hufika umepinda au umevunjika pembe, kwa hiyo mimi ningechagua kazi ya mkono.

Anza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine yote. Watu wengi hudhani kwamba kibao huoza kwa sababu ya mvua inayoingia kupitia dirisha lililoachwa wazi, ilhali maji yanayokiharibu hutokea nyuma yake. Mpira unaogusa kioo hauzuii maji yote. Mvua ya masika hupenya pembeni mwa kioo, huteremka ndani ya mlango, kisha hutoka kupitia matundu madogo yaliyo chini. Matundu hayo yakizibwa na vumbi na kutu, maji husimama humo, na hewa yetu ya chumvi humalizia kazi. Yazibue kwa waya kwanza, upige rangi ya kuzuia kutu ndani ya mlango, na ubadilishe mpira wa kioo uliokakamaa. Bila ya hayo, kibao kipya, hata kiwe kizuri namna gani, kitafuata njia ya kile cha zamani.

Kukitoa kibao kunahitaji subira. Katika magari ya Kiingereza ya zama hizo, mkono wa kupandishia kioo hushikwa ama kwa skrubu iliyo katikati, ama kwa pini iliyofichwa nyuma ya kikombe cha chuma chenye springi, ambacho unakisukuma ndani ili pini ionekane uipige itoke. Usivute kwa nguvu kabla hujajua ni aina ipi. Klipu za pembeni zing'oe moja moja kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa.

Kibao kilichovimba hakifai kuwa kipimo pekee, kwa kuwa kimeshabadilika umbo. Chukua karatasi ngumu, ishikize juu ya mlango wenyewe kwa utepe wa gundi, kisha paka ubavu wa penseli juu yake. Kingo za kila tundu la klipu zitajitokeza kama mchoro. Mlango wa chuma haukuvimba, kwa hiyo matundu yake ndiyo ya kuaminiwa. Kibao cha zamani kitumie kuhakikishia mkunjo wa pembe na nafasi ya mikono tu. Mlango wa pili aghlabu ni kinyume cha wa kwanza, lakini upime nao pia kabla ya kugeuza karatasi.

Kwa ubao, chagua plaiwudi inayostahimili maji, ya milimita 3 au 4. Ikizidi hapo, klipu hazitafika kwenye chuma na mkono wa kioo utakosa pa kushika. Punguza kama milimita 1 au 2 kila upande, kwani ngozi itakayokunjwa itaongeza unene, na usafishe kingo kwa msasa. Sasa paka vanishi pande zote mbili, na zaidi ya hapo paka kwenye kingo na ndani ya kila tundu, kwani plaiwudi hunywa maji kupitia sehemu iliyokatwa. Hapa usifanye haraka: rudia mpaka kingo zing'ae na ziache kufyonza.

Gandisha sponji nyembamba mbele, kisha uvalishe ngozi ukiacha sentimita 2 au 3 za kukunjia nyuma. Gundi ya mpira wanayotumia mafundi viatu hupakwa pande zote mbili na huachwa mpaka isinate kidoleni ndipo vibanwe. Chagua inayovumilia joto, kwani ndani ya gari lililofungwa juani gundi dhaifu huachia. Kwenye pembe, kata vipande vidogo vya pembetatu ili mikunjo isirundikane. Mistari ya mapambo iliyobanwa kiwandani kwa joto unaweza kuipata kwa cherehani, ngozi na sponji vikishonwa pamoja kabla ya kugandishwa ubaoni.

Kabla ya kurudisha kibao, funika uwazi wa mlango kwa karatasi nene ya nailoni, na ukingo wake wa chini uingize ndani ya mlango, si nje yake. Hivyo maji yatakayoigusa yatateremka na kurudi kwenye matundu badala ya kulowesha ubao. Ushauri wa zulia siukubali kabisa: zulia hushika unyevu na kuuweka karibu na chuma, na mlango wenyewe ndio utakaoliwa.

SWALI: Kirungu cha gia cha gari langu la zamani la Kiingereza kimepasuka. Je, seremala anaweza kunikerezea cha mti? – Msomaji, Chake Chake.

JIBU: Anaweza, na mpingo unafaa sana kwa kuwa ni mgumu na hung'aa bila ya rangi. Usikate hesi, yaani mikato ya skrubu, kwenye mti wenyewe. Zamisha nati ya chuma kwa gundi ya kuchanganya ya epoksi. Chukua kirungu kilichopasuka uende nacho dukani, kwani magari hayo hutumia hesi za inchi, na nati ya milimita itaharibu wenzo wa gia.