"Hujauona, Mdogo Wangu?"

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni filamu gani ya mapenzi iliyomtisha msomaji kuliko filamu yoyote ya mizimu. Yangu ni ya zamani, ya picha nyeusi na nyeupe: Gaslight ya mwaka 1944, iliyoongozwa na George Cukor.

Paula, anayeigizwa na Ingrid Bergman, anaolewa na mpiga piano aitwaye Gregory baada ya kujuana naye majuma mawili tu. Anampenda kufa. Kwa ajili yake anakubali kurudi London, katika nyumba ileile ambamo mwimbaji aliyemlea alinyongwa. Hajui kwamba aliyemnyonga ndiye huyo anayelala ubavuni mwake.

Gregory hampigi. Anampa pambo la kifuani, anamtilia mkobani huku akimtania kwamba ni msahaulifu. Baadaye pambo halipo. Picha inatoweka ukutani. Kila mara Paula ndiye anayeomba radhi, na hilo ndilo lililonikaba koo. Kila usiku mume anaaga kwamba anakwenda kazini, halafu taa ya gesi chumbani inafifia na vishindo vinasikika darini. Kumbe amezunguka nyuma, kaingia kwa juu, kawasha taa huko ili atafute vito vya marehemu. Ni kama maji ya bomba: ukifungua la uani, la bafuni linapungua nguvu. Mwisho anakiri kwamba vito vile vilikuwa moto kichwani mwake, wala hajui kwa nini. Wasemaji wa Kiingereza wakapata kutoka jina la filamu hii neno la ukatili wa namna hiyo, gaslighting, na kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya neno la mwaka 2022.

Watu husema angeondoka tu. Aondoke na ushahidi gani, ikiwa hata macho yake hayaamini tena? Siku afisa wa Scotland Yard, polisi wa London, anapoketi naye na kuiona taa ikishuka, uso wa Bergman unafunguka kama wa mtu aliyetolewa kisimani. Kumbe haikuwa ndoto, mwingine pia ameiona! Bergman alipata Oscar, na kwangu mimi aliipata hapo.

Lakini iliyoninyima usingizi ni inayofuata. Mume anarudi, anauliza nani alikuwa humu. Elizabeth, mpishi, anampenda Paula na anataka kumkinga, basi anajibu kwamba hakuja mtu. Paula anaanza kuamini kwamba yule mgeni alimwota.

Mimi nimewahi kuwa Elizabeth. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea dada yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja. Jioni nilimwona shemeji akiuchukua ufunguo wa kabati juu ya friji na kuutia mfukoni mwa koti. Baada ya chakula dada akaanza kuutafuta. Akainua mito ya kochi, akamwaga mkoba wake sakafuni, mikono inatetemeka. Shemeji akamuuliza kwa upole kabisa, "Mke wangu, umeanza tena?" Dada akanigeukia: "Hujauona, mdogo wangu?"

Nikasema sijauona. Nilikuwa mgeni, nilimwogopa shemeji, na nyumbani tulikuwa tumeshaambizana kwamba ya wawili usiyaingilie. Alikaa pale miaka mitatu zaidi. Kila alipotupigia simu akasema kichwa chake hakiko sawa, tulimwombea dua.

Alipokwisha kutoka kwenye ndoa ile, niliitazama filamu hii pamoja naye. Tulipofika kwa Elizabeth nikaisimamisha, nikamwambia: dada, ule ufunguo niliuona, shemeji ndiye aliyeuchukua.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza ulikuwa mfuko upi. Nikamwambia wa kushoto. Akarudia polepole, "Wa kushoto," kama anayehesabu chenji yake, halafu akalia.