Dragi kwa gari la nyumbani: kwa wanaoanza Arusha na Moshi

Wadogo zangu wanaotaka kuingia mbio za dragi huku kwetu huanza na swali la turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili iongeze nguvu. Itagharimu kiasi gani kuifunga kwenye Altezza, au Subaru ya zamani ingefaa zaidi? Mimi huwauliza wana gari gani sasa hivi, na Jumatatu asubuhi gari hilo linampeleka nani shule. Kama ni IST au Vitz inayobeba watoto, gari la kuanzia lipo tayari. Kilichobaki ni kuchagua daraja la mashindano.

Dragi hukimbiwa kwenye mstari ulionyooka, ama mita 402, yaani robo maili, ama nusu yake, mita 201. Yapo madaraja ambayo injini kubwa na mfuko mnene ndivyo vinavyoshinda. Hayo yaache kwanza. Daraja la mwenye familia ni lile la kutangaza muda. Kabla ya mbio unaandika kwenye kioo sekunde ambazo gari lako litatumia. Wewe wa Vitz ukiandika 20.40 na mwenzako wa Altezza akaandika 16.40, taa yako ya kijani ya kuondokea inawaka sekunde 4 kabla ya yake. Ukikimbia haraka kuliko ulivyotangaza, umevunja muda na umeshindwa. Mkivunja nyote wawili, anapita aliyevunja kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana kujitangazia muda mrefu ili upendelewe hakusaidii kitu.

Fuatisha hesabu hii, maana mchezo wote umo humu. Wewe umechelewa kuitikia taa kwa sekunde 0.180, ukakimbia 20.46, yaani 0.06 juu ya ulichotangaza. Jumla ya upungufu wako ni 0.240. Mwenye Altezza amekimbia vizuri mno, 16.41, lakini alizubaa kwenye taa kwa 0.310, hivyo jumla yake ni 0.320. Mwenye jumla ndogo hufika kwanza, hivyo Vitz imeshinda. Imeshinda kihalali, mbele ya gari linaloizidi nguvu mara mbili na zaidi, na haikufungwa kifaa chochote kipya.

Taa zenyewe zimepangwa kwenye nguzo iitwayo mti, ambao Wamarekani wanautumia tangu 1963. Kwenye madaraja ya kawaida njano tatu huwaka moja baada ya nyingine kwa kupishana nusu sekunde, na kijani hufuata nusu sekunde baada ya njano ya mwisho. Ukisubiri uone kijani ndipo uachie breki, umeshachelewa. Ondoka na njano ya mwisho. Ukiondoka mapema mno inawaka nyekundu na mbio zako zimekwisha. Zoezi hili halihitaji petroli, kwa sababu programu za simu zinazoiga mti huo zipo na unaweza kuzifanyia mazoezi sebuleni watoto wakiwa wamelala.

Kwa hiyo fedha yako inatafuta kitu kimoja tu, gari kurudia kilekile lilichofanya. Anza na breki, pedi na oili yake, kisha tairi nne zinazofanana zenye kashata nzuri. Baada ya hapo rejeta na mfumo wa kupoza, plagi, chujio la hewa, na maunti za injini, ambazo zikichoka gari hurukaruka wakati wa kuondoka. Nunua geji ya upepo ya kwako mwenyewe, maana upepo wa tairi ukibadilika kidogo mwondoko nao unabadilika. Gia za otomatiki, ambazo vijana wengi wanazidharau, kwenye daraja hili ni baraka. Hazikosei kubadili gia na hazichomi klachi. Nafuu kuliko vyote ni daftari. Andika saa, joto, upepo wa tairi, kiasi cha petroli kwenye tangi na muda uliokimbia, kila mara, hata siku iliyokwenda vibaya. Fundi wako naye aone daftari hilo.

Hapa ndipo milima yetu inapokuja na hesabu zake. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake Arusha, na karibu asilimia 10 Moshi, ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Vitz ya 20.40 Arusha inaweza kukaribia sekunde 20 kamili ikishushwa Moshi, ingawa joto la kule hula sehemu ya faida hiyo. Ukiibeba namba yako ya Arusha mpaka Moshi bila kuigusa, utavunja muda kwenye mbio za kwanza kabisa. Hata palepale mjini, baridi ya asubuhi ya Julai si sawa na saa nane mchana. Joto likipanda nyuzi 10, gari la sekunde 20 linaweza kuchelewa kwa sekunde 0.1 hadi 0.2. Wenye turbo hawaguswi sana na kimo, lakini joto linawapata. Daftari lako ndilo litakaloonyesha gari lako linabadilika kwa kiasi gani, na hiyo ni elimu isiyouzwa dukani.

Kuhusu mahali, nitasema bila kuzunguka. Barabara ya mchepuo ni pana na imenyooka, lakini ina ng'ombe, bodaboda na watoto wanaovuka. Hiyo si njia ya mbio, saa yoyote ile. Subiri siku iliyoandaliwa na klabu kwenye eneo lililofungwa, na uliza mapema kama kuna kibali, ambulensi na vizuizi vya watazamaji. AAT, chama cha magari cha hapa nchini kinachotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ni mlango mzuri wa kuulizia. Kisha nenda ukatembee kwa miguu sehemu ya kusimamisha gari. Gari la sekunde 17 hufika mwisho wa mita 402 likiwa karibu kilomita 130 kwa saa. Kwa mita 201 lingekuwa kama 100. Kwa breki za gari la familia na njia zetu, mimi nachagua mita 201 bila kusita, na injini itakushukuru. Soma pia karatasi ya bima, kwa kuwa bima nyingi za magari hazilipi ajali ya mashindano.

Helmeti usinunue ya mtumba, kwa sababu huwezi kujua imeshagongwa wapi. Tafuta yenye alama ya Snell SA, kiwango cha helmeti za mbio za magari, ambayo bitana yake huhimili moto. Ya pikipiki haikutengenezwa kwa hilo. Chama cha dragi cha Marekani, NHRA, hulazimisha helmeti kuanzia gari la sekunde 13.99 kushuka chini. Wewe vaa hata ukikimbia 20, pamoja na suruali ndefu na viatu vya kufunika.

Kaeni na mwenzi wako mpange kiasi cha mwaka mzima baada ya ada za shule na chakula, na kisivuke hapo hata ukifika fainali. Akijua kiasi hicho tangu mwanzo, hatashtuka akisikia umenunua tairi. Mpe daftari aandike yeye, aje na watoto, siku iwe ya nyumba nzima.

Na jioni, kabla ya kugeuza gari kurudi nyumbani, liache lipoe, pima oili na maji, rudisha upepo wa tairi kwenye kiwango cha barabarani, na kaza nati za magurudumu yote manne kwa mkono wako mwenyewe.