Jeli ya homoni sio losheni, akina mama wenzangu

Joto la Kigoma mnalijua, sasa uongeze na lile la ndani la kukoma hedhi, usiku unalowa jasho mpaka mzee anahamia kwenye kochi. Mi daktari wa akina mama aliniandikia jeli ya kupaka ya estrojeni, ile homoni ya kike, ila kwanza alinipima presha na kuniuliza maswali kibao, kama nishawahi kupata saratani ya titi, damu kuganda, ugonjwa wa ini au kutokwa damu kusikoeleweka. Majibu yako ndo yanaamua, kwa hiyo shoga yangu wa Ujiji aliponiomba nimgawie kidogo nilimkatalia, akanuna weee, lakini mguu wake ulishawahi kuvimba kwa damu kuganda, nitamgawiaje?

Uzuri wa jeli inapenya kwenye ngozi inaingia kwenye damu bila kuanzia kwenye ini kama vidonge vya estrojeni, ndo maana kwa dozi ya kawaida hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko vidonge.

Napaka pajani, kamwe sio kwenye titi, ngozi ikiwa safi na kavu, mafuta ya mise yatasubiri. Nanawa mikono kwa sabuni, naacha ikauke, afu navaa nguo ya kufunika. Hapa nasisitiza maana wengi wetu tunalea wajukuu, mtoto akigusagusa ngozi yenye jeli homoni inamwingia, anaweza kuota matiti kabla ya wakati, awe wa kike au wa kiume. Wengine wanapaka mkono kwa juu, sawa, ila mi nabeba mtoto kutwa nzima, bora paja. Na jeli ina spiriti, usipake karibu na jiko la mkaa, inashika moto!

Kama kizazi bado unacho, estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani na inaweza kuleta saratani, lazima upewe na projesteroni, homoni nyingine ya kike ya kuulinda ukuta huo. Mi nameza usiku, inanipa na usingizi. Ile krimu ya ukeni ya dozi ndogo ni habari nyingine, inatibu ukavu na maumivu kwenye tendo, joto haigusi, na sio kilainishi cha kupaka dakika ile ile mzee anapiga hodi.

Ukiona damu na hedhi ilishakata mwaka mzima, hata matone tu, usijipe moyo eti ujana umerudi, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha karibu wakucheki.